Mbele plastiki, nyuma kromu: ni kanuni za usalama zilizobadilisha sura za magari ya misuli ya Kimarekani, au ni wabunifu wenyewe?

#1 Mwenye_Kromu

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikifuatilia kwa muda mrefu magari ya misuli ya Kimarekani, yaani yale ya milango miwili yenye boneti ndefu na injini kubwa ya silinda nane, na kuna jambo moja ambalo sijapata mtu wa kunieleza likaniingia akilini. Ukizipanga kwa mstari Corvette za Chevrolet, ya 1972, ya 1973 na ya 1974, utaona kituko. Ya 1972 ina mabampa ya kromu mbele na nyuma. Ya 1974 haina bampa la kromu hata moja, kwa kuwa pua na mkia vyote vimefunikwa kwa plastiki laini iliyopakwa rangi ya bodi. Ile ya katikati, ya 1973, ina pua ya plastiki na mkia wa kromu, mithili ya mtu aliyevaa koti la suti juu na kaptula ya mpira chini.

Dai langu ni kwamba kanuni za usalama za serikali ya Marekani ndizo zilizoharibu sura za magari haya, na kwamba kila kasoro ya umbo tunayoiona kuanzia 1968 hadi miaka ya 1980 ina namba ya kanuni nyuma yake. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo.

#2 Wakili_wa_Gereji

Mleta uzi, kituko cha 1973 kinaelezwa na kalenda tu. Kanuni ya shirikisho namba 215 ilianza kuyahusu magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1, 1972, ambayo kwa hesabu ya Wamarekani ndiyo modeli ya 1973. Iliagiza kwamba gari likigonga kizuizi kwa mbele kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani takriban kilomita 8, au kwa nyuma kwa mwendo wa maili 2.5, vifaa vinavyohusu usalama visiharibike: taa ziwake, mafuta yasivuje, rejeta isipasuke, boneti na milango viendelee kufunga na kufunguka. Mwaka uliofuata kiwango cha nyuma kilipandishwa nacho kikafika maili 5. Kwa hiyo Chevrolet walibadilisha pua mwaka ambao pua ilidaiwa, na mkia mwaka ambao mkia ulidaiwa. Kromu ya nyuma iliweza kuvumilia maili 2.5, na hakuna mhasibu wa kiwanda ambaye angekubali kulipia kalibu mpya mwaka mzima kabla ya tarehe.

Angalieni pia kwamba kanuni hiyo kwa hatua ile haikujali bodi yenyewe ikibonyea. Ilijali taa na vitasa. Watu wengi hulisahau hilo.

#3 Silinda_Nane

Niko Columbus, Ohio, na jirani yangu anayo Corvette ya 1974, hivyo niongeze jambo moja ambalo picha nyingi hazilionyeshi vizuri. Ukisimama nyuma ya gari hilo utaona mshono wa wima katikati ya mkia, kuanzia juu kabisa hadi kwenye sahani ya namba, kwa sababu mwaka ule plastiki ya nyuma ilitengenezwa kwa vipande viwili. Kufikia 1975 walishapata namna ya kuitoa ikiwa kipande kimoja na mshono ukatoweka. Jirani anasema kila anayeliona kwa mara ya kwanza humwuliza kama liligongwa likaungwa. Kwa hiyo mnayo miaka mitatu mfululizo yenye mikia mitatu tofauti, na mtu akikuuzia ya 1974 isiyo na mshono, mwulize maswali.

Nirekebishe kidogo pia: Corvette haikuwa peke yake. Mustang ya 1973 nayo ilipewa bampa la mbele lililofunikwa kwa plastiki ya rangi ya bodi huku la nyuma likibaki kromu. Tofauti ni kwamba Ford waliichora vizuri kiasi kwamba watu hawacheki.

#4 Mzee_Gia

Vijana, mnakimbilia kuilaumu serikali. Pontiac GTO ya 1968 ilikuwa na pua ya plastiki ya rangi ya bodi, waliyoiita Endura, miaka minne nzima kabla ya hiyo kanuni namba 215. Hakuna aliyewalazimisha. Waliitangaza kwa fahari, na matangazo yao yalionyesha bampa likipigwa kwa chuma bila kubonyea. Jarida la Motor Trend likaipa gari hilo tuzo ya gari la mwaka. Mteja aliyetaka kromu ya kawaida aliweza kuiagiza, na wapo walioiagiza, lakini wengi walichukua Endura kwa sababu ilipendeza.

Kama plastiki ilikuwa tayari ni urembo mwaka 1968, mnawezaje kusema ililetwa na kanuni mwaka 1973?

#5 Mwenye_Kromu

Mzee wangu, shikamoo. Endura naikubali kuwa ni kazi nzuri, lakini hapo umenisaidia mimi. Pontiac walipofanya kwa hiari yao walipata muda wa kuichonga pua nzima pamoja na bampa kuwa umbo moja. Viwanda vilipolazimishwa kwa tarehe, tulipata Challenger na Barracuda za 1973 kutoka kampuni ya Chrysler, ambazo ni umbo lilelile la 1972 likiwa limebandikwa vipande vikubwa vya mpira mweusi mbele na nyuma. Ule si ubunifu.

#6 FundiBodi_Ilala

Kunyoosha bodi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitaongea upande wa karakana.

Mwenye_Kromu, vile vipande vya mpira vya Chrysler unavyovicheka vilikuwa ni akili ya mtu asiye na fedha. Gari lile lilikuwa linauzwa kidogo kila mwaka, likaachwa kutengenezwa Aprili 1974. Nani angelitengenezea pua mpya? Mpira unabandikwa, gari linapita kipimo, maisha yanaendelea. Kanuni haikusema bampa liwe baya, ilisema tu taa zisivunjike. Ubaya ulitokana na bajeti.

Upande wa pili, hiyo plastiki laini ina tabia yake. Bodi ya chuma au ya faiba haipindi, lakini yurethani, yaani plastiki yenyewe hiyo, inapinda, na rangi inayopakwa juu yake lazima ichanganywe na dawa ya kuifanya iwe laini. Hiyo dawa hubadilisha kidogo namna rangi inavyoonekana juani. Ndiyo maana magari ya miaka hiyo, hata yaliyotoka kiwandani, mara nyingi pua yake ina kivuli tofauti na mabawa. Baada ya miaka mingi yurethani ya zamani hukauka, hujikunja mawimbi kati ya boliti na boliti, na mwisho hupasuka kama udongo. Niliwahi kuletewa kipande cha namna hiyo nikibandike. Nilipokibana kidogo kwa vidole, kona yake ilibaki mkononi mwangu. Kromu inapata kutu, lakini kromu unaweza kuipeleka ikachovywa upya. Yurethani iliyokufa hutupwa.

#7 Mpinga_Kila_Kitu

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kosa ni la serikali, la wahasibu, la jua na la mpaka rangi. Bado injini hamjailaumu. Naendelea kusoma.

#8 Mchora_Mistari

Habari zenu. Nasomea ubunifu wa bidhaa hapa Nairobi, na napenda kumjibu Wakili_wa_Gereji wa bandiko namba 2, kwa sababu ameacha kipengele ambacho kwa mchoraji ndicho kizito zaidi. Kuanzia modeli ya 1974 kipimo hakikuwa tena cha kugonga kizuizi peke yake. Kulikuwa na uzito wa chuma unaobembea na kuligonga bampa, na uzito huo ulipangwa kugonga katika kimo cha kati ya inchi 16 na 20 kutoka ardhini. Maana yake ni kwamba kila gari, liwe fupi au refu, lilitakiwa kuwa na kitu kigumu katika mstari uleule wa kimo.

Tazameni Camaro ya Chevrolet, toleo la Rally Sport, ya 1970 hadi 1973. Haina bampa linalovuka pua. Ina vipande viwili vidogo vya kromu, kimoja kila upande chini ya taa, na katikati grili inajitokeza ikiwa tupu. Kwa macho yangu ndiyo pua nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka Marekani. Modeli ya 1973 ilipita kipimo cha mwaka ule baada ya kuimarishwa kwa nyuma ambako hakuonekani, lakini ya 1974 ikaja na bampa pana la aluminiamu linalovuka mbele yote, na nyingine kama hiyo nyuma, na zile taa za nyuma za mviringo zikaondoka. Hapo sheria ya kimo ilichora mstari mmoja wa mlalo juu ya karatasi ya kila mbunifu kabla hajashika penseli.

Hata hivyo nina hoja inayokwenda kinyume na mleta uzi. Kanuni kali kuliko zote ilikuwa ya taa za mbele, na hiyo ilizaa urembo. Tangu 1940 Wamarekani walitakiwa kutumia taa za aina moja zilizozibwa, za mviringo, kubwa mbili au, baadaye, ndogo nne. Za mstatili zilianza kuruhusiwa katikati ya miaka ya 1970. Mbunifu asiyeweza kubadilisha umbo la taa hubaki na njia moja, nayo ni kuificha. Ndipo tukapata Mercury Cougar ya 1967, Camaro ya Rally Sport, na Dodge Charger ya 1968 ambayo mchana inaonekana kama pango jeusi lisilo na macho. Bila ile amri ya taa za mviringo, nani angehangaika kuweka milango na mipira ya vakyumu ili kufunika taa?

#9 Wakili_wa_Gereji

Mchora_Mistari, umenena. Niongeze kwamba hata kuficha nako kulifuatwa na kanuni, namba 112, iliyoanza 1969: milango ya taa ifunguke kikamilifu ndani ya sekunde 3, na ikishafunguka isijifunge yenyewe nguvu inapokatika. Camaro ya Rally Sport ya 1969 ina milango ya taa yenye vipasuo vya kioo, ili mwanga upenye hata mlango ukigoma kufunguka. Watu hudhani vile vipasuo ni mapambo.

#10 Silinda_Nane

Maadamu tumefika Camaro, kuna kisa cha hapa Ohio ambacho hakipaswi kukosekana kwenye uzi huu. Camaro na ndugu yake wa Pontiac, Firebird, zilikuwa zinatengenezwa kiwanda cha Norwood, karibu na Cincinnati. Mwaka 1972 wafanyakazi waligoma kwa siku 174. Mgomo ulipokwisha, mwaka wa modeli ulikuwa umepita, na kwenye mstari wa uzalishaji kulikuwa na bodi takriban 1,100 ambazo hazijakamilika. Haikuwezekana kuzimalizia na kuziuza kama za 1973 kwa sababu hazikutimiza kanuni mpya ya bampa, na kuzirekebisha kungegharimu zaidi ya thamani yake. Zikaharibiwa. General Motors, wenye Chevrolet na Pontiac, wakafikia hatua ya kujadili kuzifuta kabisa Camaro na Firebird.

Kwa hiyo Mzee_Gia, unaposema kanuni haikuwa na uzito, ziulize hizo 1,100.

#11 Mzee_Gia

Marahaba, Mwenye_Kromu, nilikuwa sijakuitikia. Silinda_Nane, kisa chako ni cha kweli, lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1972 ziliuzwa Camaro 68,651. Mwaka 1979, zikiwa na pua na mikia ya plastiki, uzito umeongezeka na injini imenyong'onyea, ziliuzwa 282,571. Trans Am, lile toleo kali la Firebird, peke yake mwaka huohuo ilifika 117,108. Kama kanuni ziliharibu sura, wanunuzi hawakupata taarifa.

Kilichoyaua magari ya misuli ya mwanzo ni vitu vitatu: kampuni za bima, ambazo kufikia 1970 zilikuwa zinamtoza kijana mwenye gari la nguvu ada inayokaribia kumfilisi, kanuni za hewa safi ambazo General Motors walijiandaa nazo kwa kushusha mgandamizo wa injini zao kuanzia modeli za 1971, na mafuta kuadimika kuanzia Oktoba 1973. Bampa lilikuja likakuta marehemu keshazikwa.

#12 Mwenye_Kromu

Lakini hapo unaongelea nguvu na mauzo, nami niliuliza sura. Mtu anaweza kununua gari baya kwa wingi kwa sababu lililo zuri halipo tena dukani.

#13 Bint_Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Mmeng'ang'ania mabampa mkasahau taa za ubavuni, ambazo kwangu ndizo alama ya kulitambua gari la Kimarekani gizani. Kaka yangu anayo Challenger iliyoletwa kutoka Marekani. Usiku likipita ubavu kwa ubavu unaona taa ndogo ya rangi ya chungwa mbele ya gurudumu la mbele na nyekundu nyuma ya gurudumu la nyuma, zimewaka muda wote, na indiketa za nyuma ni nyekundu kama za breki. Mama alikuwa nyuma yetu siku moja na gari lake, akashindwa kujua kama kaka anapunguza mwendo au anakata kona, na akatupigia simu kutugombeza kabla hatujafika nyumbani. Hizo taa za ubavuni zilianza lini?

#14 Wakili_wa_Gereji

Dada Bint_Ruwi, zilianza na kanuni namba 108, kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1, 1968, ingawa modeli za 1968 zilizoingia sokoni tangu msimu wa vuli wa 1967 nyingi zilikuja nazo tayari. Mwanzoni kiwanda kiliruhusiwa kuchagua taa au kiakisi mwanga. Kufikia 1970 vyote viwili vikawa lazima. Indiketa nyekundu za nyuma zinaruhusiwa na kanuni hiyohiyo hadi leo, na mama yako si wa kwanza kulalamika.

Hapa nitamuunga mkono Mchora_Mistari, kwa sababu kila kiwanda kiliitikia agizo hilo kwa tabia yake. Charger ya 1968 ina vitaa vidogo vya mviringo, ambavyo nahisi vilichaguliwa kwa kuwa tundu la mviringo ndilo rahisi kutoboa kwenye bawa lililokwisha kuchorwa. Mwaka 1969 Dodge wakaviondoa wakaweka viakisi vya mstatili. Pontiac wao, kwenye Firebird ya 1968, walirefusha taa ya mbele ikazunguka kona ili ionekane ubavuni, na nyuma wakaweka taa yenye umbo la nembo yao, kile kichwa cha mshale. Agizo ni lilelile, na mmoja aliitikia kwa tundu, mwingine kwa nembo.

#15 Mchora_Mistari

Asante, Wakili. Kwa Bint_Ruwi: Mustang ya 2015, ambayo ndiyo ya kwanza kutoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia na kwa hiyo ndiyo tunayoweza kuiona huku kwetu, ina indiketa za nyuma za rangi ya chungwa katika matoleo ya kuuzwa nje. Wapo Wamarekani wanaoagiza taa hizo za nje na kuzifunga kwenye magari yao kwa sababu wanaona zinapendeza kuliko nyekundu. Kaka yako asikate tamaa.

#16 Dereva_wa_Usiku

Nimesoma yote kimyakimya. Mbona hakuna aliyetaja kwamba serikali ilipiga marufuku magari ya paa la kukunja? Barracuda, Challenger na GTO za paa la kukunja ziliishia 1971, Mustang 1973, Corvette 1975. Hiyo si kasoro ya umbo tu, ni aina nzima ya gari iliyofutwa na sheria.

#17 Wakili_wa_Gereji

Dereva_wa_Usiku, marufuku hiyo haikuwahi kuwepo. Kanuni namba 216, iliyoanza Septemba 1, 1973, ilihusu uimara wa paa linapokandamizwa kwa nguvu ya mara 1.5 ya uzito wa gari, na magari ya paa la kukunja yalisamehewa waziwazi. Kilichokuwepo ni hofu: viwanda viliamini kwamba kanuni kali ya gari kupinduka inakuja, vikaona hakuna haja ya kuwekeza kwenye paa la turubai. Mustang ya paa la kukunja ilirudi 1983 bila sheria yoyote kufutwa kwa ajili yake.

#18 Mzee_Gia

Na hata hofu si jibu kamili. Kiyoyozi kilikuwa kimeenea, barabara kuu zilikuwa zimejengwa, na hakuna anayetaka kupeperushwa kwa mwendo wa maili 70 huku turubai likipiga kelele. Watu waliacha kuyanunua kabla viwanda havijaacha kuyatengeneza. Camaro na Firebird za paa la kukunja ziliishia 1969, wakati hiyo kanuni ya paa haikuwa hata imeandikwa.

#19 Mchora_Mistari

Mzee, hilo la 1969 ni kweli, ila usiipuuze hofu. Athari yake kubwa haikuwa kwenye turubai, ilikuwa kwenye nguzo ya katikati. Mtindo wa gari la misuli wa miaka ya 1960 ulikuwa wa kushusha vioo vyote vya ubavuni na kubaki na uwazi mmoja mrefu usio na nguzo kati ya mlango na kioo cha nyuma. Mwaka 1973 General Motors walitoa Chevelle mpya na ndugu zake zikiwa na nguzo imara ya katikati, huku vioo vya milango vikibaki bila fremu ili mtu asione sana kilichopotea. Kioo cha nyuma cha ubavuni hakishuki tena. Waliijenga hivyo kwa kutarajia kanuni ya kupinduka, na mtindo ule haujarudi hadi leo. Challenger ya maonyesho ya 2006 haikuwa na nguzo, lakini ile iliyoingia sokoni 2008 inayo, imefichwa nyuma ya weusi wa kioo.

Niliwahi kuketi ndani ya Camaro ya kizazi cha tano kwenye maonyesho. Madirisha ni membamba kama tundu la sanduku la posta, na nguzo ya nyuma inameza upande mzima. Nasikia ni kwa sababu ya kanuni ya paa iliyopandishwa hadi mara 3 ya uzito.

#20 Silinda_Nane

Hapana, Mchora_Mistari. Hiyo ya mara 3 ilipitishwa 2009 na ikaanza kutekelezwa kwa awamu miaka mitatu baadaye, wakati Camaro hiyo imeshaingia sokoni. Yale madirisha membamba yalikuwepo kwenye gari la maonyesho la Januari 2006, yakichorwa na watu waliotaka gari lionekane limekunja uso. Hapo usiwape watunga kanuni sifa wasiyostahili. Kanuni iliyosaidia ni ile ya kamera ya nyuma, ambayo ilikuwa lazima kwa magari yote mapya kufikia Mei 2018, na kwa Camaro mimi naiona ni kifaa cha uokoaji.

#21 Mpinga_Kila_Kitu

Mimi nilikuwa nasubiri mtu ataje spidomita, naona mnaikwepa. Kwa modeli za 1980 serikali iliagiza spidomita isizidi maili 85 kwa saa, na namba 55 iwekwe alama ya kuonekana zaidi. Hebu pata picha umenunua Corvette, unakanyaga mafuta, mshale unafika 85 unagota hapo, na wewe bado una gia. Agizo hilo lilifutwa baada ya muda mfupi, lakini baadhi ya viwanda viliendelea kufunga spidomita hizo kwa miaka kadhaa. Huo nao ni usalama?

#22 FundiBodi_Ilala

Mpinga leo umesema jambo. Nami nina langu: taa ya tatu ya breki. Ilikuwa lazima kwa magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1, 1985. Camaro ya 1986 ilikuwa imeshachorwa zamani, hivyo wakachukua kisanduku chenye taa wakakipachika nje, juu kabisa ya kioo cha nyuma, kama abiria aliyedandia. Kioo kile kimepinda vizuri kutoka kwenye paa hadi kwenye spoila, na katikati ya mteremko wote kuna uvimbe. Mwaka uliofuata taa ikahamishwa ikatulia mahali pake, na uvimbe ukaondoka. Ndiyo maana naongezea nililosema kwenye bandiko namba 6: mwaka wa kwanza wa kanuni ni wa kubandika, mwaka wa pili ndio wa kubuni.

#23 Mwenye_Kromu

FundiBodi, maelezo yako yananipendeza kuliko yangu, lakini hayamalizi. Kubandika kwa mwaka mmoja kunaeleza Corvette ya 1973 na Camaro ya 1986. Hakuelezi kwa nini Camaro ilivaa bampa la aluminiamu kwa miaka minne, hadi modeli ya 1978 ilipoletwa na pua ya plastiki. Walikuwa na muda.

#24 Wakili_wa_Gereji

Jaribio zuri la hoja zenu zote ni mwaka 1982. Kufikia modeli za 1980 kanuni ya bampa ilikuwa imekazwa zaidi, hadi kulinda bodi yenyewe, na msingi wake wa kisheria ulikuwa ni sheria ya 1972 ya kumpunguzia mnunuzi gharama za matengenezo. Kwa hiyo anayeiita ya usalama anaisema nusu. Julai 1982 serikali ikailegeza, kiwango kikarudi maili 2.5 mbele na nyuma. Kama mleta uzi yuko sahihi kwamba kanuni ndiyo iliyoondoa kromu, basi kromu ingerudi 1983. Haikurudi.

#25 Mzee_Gia

Nilisema.

#26 Mchora_Mistari

Haikurudi kwa sababu kulikuwa na sheria nyingine mlangoni, ile ya matumizi ya mafuta iliyoanza kubana modeli za 1978. Chuma cha kromu ni kizito, na pua laini ya plastiki hukata upepo vizuri zaidi. Mzee, usishangilie mapema.

#27 FundiBodi_Ilala

Au haikurudi kwa sababu mashine za kumwaga plastiki zilishanunuliwa na kulipiwa. Mwenye kiwanda hatupi mashine mpya ili akanunue mapipa ya kuchovyea kromu.

#28 Silinda_Nane

Wakati mnabishana, nimetumiwa ujumbe na mwana jukwaa anayetaka kununua Camaro aliyoambiwa ni ya 1967. Namjibu hapa ili iwafae wengine. Kagua mabawa kwanza: ya 1967 hayana taa za ubavuni kabisa na milango ina vile vioo vidogo vya pembetatu mbele, ilhali ya 1968 ina taa za ubavuni na haina vile vioo. Matundu ya taa huweza kuzibwa kwa puti, kwa hiyo chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye bawa la mbele karibu na bampa na la nyuma karibu na taa. Ikidondoka, mwambie muuzaji apunguze bei au aseme ukweli.

#29 Mpinga_Kila_Kitu

Na ikidondoka kwenye Corvette usimpigie polisi, bodi yote ni faiba.